Dodoma, Makao Makuu ya Nchi Yetu

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa makao makuu ya Tanzania ni mji gani, hujibu upesi, "Dodoma." Akiulizwa swali la pili, yaani kwa nini Dodoma na si mji mwingine, mara nyingi hunyamaza. Na likija swali la tatu, tangu lini, hapo hata watu wazima hubishana. Mmoja atasema tangu 1973, mwingine tangu 1996, wa tatu tangu 2018, na kila mmoja ana sababu yake. Nia yangu katika makala haya ni kueleza, kwa kadiri ya uwezo wangu, historia ya mji huu na tabia yake, ili wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, waone wenyewe kwa nini jibu la swali hilo la tatu si jepesi.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe. Makao hutokana na kukaa. Mji waweza kuwa mkubwa kwa sababu ya bandari yake, au viwanda vyake, au wingi wa watu wake, na kwa mambo hayo Dar es Salaam haina mpinzani katika nchi yetu. Lakini makao makuu ni mahali ambapo serikali inakaa. Kama wakuu wanapita tu, wakalala siku mbili na kuondoka, hapo hapajawa makao, hata kama vitabu vyote vya shule vimeandika hivyo. Nikiisoma historia ya Dodoma naona kwamba yote yaelekea jambo hili moja. Kwa muda mrefu sana Dodoma ilikuwa mahali pa kupita, na kazi ngumu ilikuwa kuifanya iwe mahali pa kukaa.

NCHI YENYEWE NA JINA LAKE

Dodoma iko katikati ya nchi, katika Ugogo, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 500 au 600. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Majani hukauka, mibuyu husimama mitupu, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya masanduku yaliyofungwa.

Wagogo, ambao ndio wenyeji, walijifunza kuishi na nchi hiyo. Walilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia kiu, na waliweka mali yao katika ng'ombe, ambao wanaweza kuhamishwa kufuata majani na maji. Nyumba zao za asili ni tembe, nyumba fupi zenye paa bapa la udongo, zilizojengwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Wageni wengi walizicheka nyumba hizi, lakini walicheka bila kufikiri. Paa fupi halishikwi na upepo, na udongo mnene huzuia joto mchana na baridi usiku. Nyumba kama hiyo isingedumu Bukoba, maana mvua za huko zingeiyeyusha, lakini katika Ugogo ilikuwa ndiyo akili.

Kuhusu jina la mji kuna hadithi mbili. Ya kwanza yasema kwamba tembo alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama katika matope asiweze kutoka, na watu waliomkuta wakasema "idodomya", maana yake katika Kigogo, amezama. Ya pili yachekesha zaidi. Yasema kwamba watu wa hapa waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Wenye ng'ombe walipokuja kutafuta mali yao, wakaonyeshwa mikia imechomekwa katika tope, wakaambiwa, "Poleni, ng'ombe wenu wamedidimia." Sijui wenzangu mtachagua hadithi ipi. Mimi naona ajabu moja, kwamba nchi yenye sifa ya ukame imepewa jina kwa sababu ya tope na maji.

NJIA YA MISAFARA

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika Ugogo. Msafara ulipotoka Mpwapwa ulipaswa kwanza kuvuka nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, ndipo uingie Ugogo. Wapagazi walifika wamechoka na vibuyu vyao ni vitupu. Huko watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Wazungu waliopita, kama Burton na Speke katika mwaka wa 1857 na Stanley katika mwaka wa 1871, walilalamika sana juu ya hongo hiyo katika maandishi yao, wakaieleza kama unyang'anyi.

Lakini tulitazame jambo hilo kwa upande wa mwenyeji. Msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya watu. Wote walitaka maji ya visima vilevile ambavyo vilinyweshea ng'ombe na watoto, na wote walitaka nafaka kutoka katika ghala zilezile zilizotakiwa kufika hadi mvua za mwaka ujao. Mtemi aliyewaacha wapite bure angewaponza watu wake. Hivyo hongo ilikuwa bei ya maji katika nchi ambayo maji ni haba. Nitalirudia jambo hili la maji baadaye, maana halijaisha hata leo.

RELI NA MJI

Mji tunaouona leo ulizaliwa na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam katika mwaka wa 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Penye stesheni palikuja maduka, na penye maduka palikuja nyumba na ofisi. Mitaa ikagawanyika kwa rangi za watu, kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni, Uzunguni mahali pake, Uhindini mahali pake, na Waafrika sehemu kama Majengo. Baadaye Waingereza waliifanya Dodoma kuwa makao ya Jimbo la Kati.

Hata hivyo reli haikuleta neema peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kuwa wapagazi. Mara mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo huiita Mtunya, na watu wengi sana walikufa. Naitaja njaa hiyo kwa sababu yatufundisha jambo kubwa kuhusu Ugogo. Nchi hii yaweza kuwatunza watu wake kwa shida lakini kwa heshima. Ila wakija walaji wengi kwa ghafula, na hakuna aliyepanga watakula nini na kunywa nini, hasara huwa kubwa.

Somo la pili lilitokea Kongwa, mashariki ya Dodoma, baada ya Vita ya Pili. Serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga katika maeneo makubwa mno ili ipate mafuta ya kula. Kazi ilianza 1947 kwa matrekta na mashine nyingi. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua zikawa chache, mashine zikavunjika, na kufika 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Waliopanga walikuwa mbali, na hawakujali vya kutosha kuwauliza wale walioijua ardhi.

UAMUZI WA MWAKA 1973

Kuhamisha makao makuu si jambo geni katika nchi yetu. Wajerumani walianza na Bagamoyo, kisha katika mwaka wa 1891 wakahamia Dar es Salaam kwa sababu ya bandari yake nzuri. Mkoloni aliutaka mji unaotazama bahari, maana meli zilizoleta amri na kuchukua mali zilitoka huko. Nchi huru ilikuwa na haja nyingine. Ilihitaji mji unaoitazama nchi yenyewe.

Jambo hilo lilizungumzwa mara kadhaa, hata katika mwaka wa 1972 likafikishwa kwa wanachama wa TANU ili walipigie kura katika matawi yao. Kati ya matawi 1,859, matawi 1,017 yalikubali na matawi 842 yalikataa. Basi, kinyume cha vile wengi wanavyodhani, uamuzi huu haukupita kwa kauli moja. Walioukataa waliogopa gharama, na hofu yao haikuwa ya bure, kama tutakavyoona. Katika Oktoba 1973 TANU ikatangaza kwamba makao makuu yatahamia Dodoma, na kwamba kazi hiyo itachukua miaka kumi.

Sababu zilizotolewa zilikuwa hizi. Kwanza, Dodoma iko karibu na katikati, hivyo mtu wa Kigoma, wa Mtwara, wa Mara na wa Mbeya wote wangekuwa na safari zinazokaribiana. Pili, hapa hukutana njia mbili kubwa, reli itokayo mashariki kwenda magharibi na barabara itokayo Iringa kwenda Arusha. Tatu, serikali ikihamia bara, maendeleo nayo yangevutwa bara, badala ya kurundikana pwani. Nne, Ugogo ilikuwa nchi yenye umaskini, na ilionekana ni haki serikali ya kijamaa ikae kati ya watu wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameifahamu vema Dodoma wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa.

Mwaka huohuo wa 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana sana kwa herufi zake za Kiingereza, CDA, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza alikuwa George Kahama. Ramani kuu ya mji ilichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikawa tayari 1976. Ramani hiyo haikutaka mji wa majumba marefu ya kujionyesha. Ilitaka mji wa jamii ndogo ndogo zilizofuatana kama shanga katika uzi, kila moja na shule yake na soko lake, watu wakitembea kwa miguu au baiskeli, mabasi yakipita katika njia zake yenyewe, na miti na mashamba yakiwa kati ya makazi. Kwa mji ambao sensa ya 1967 iliukuta na watu kama 23,000 tu, hiyo ilikuwa ndoto kubwa.

SABABU ZA KUCHELEWA

Miaka kumi ikapita, na serikali ilikuwa bado Dar es Salaam. Sababu si moja. Uamuzi ulipotoka tu, bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na ukame wa 1973 hadi 1975 ukailazimisha nchi kununua chakula nje. Katika mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Katika 1978 na 1979 palikuwa na vita dhidi ya Idi Amin. Miaka ya 80 ilikuwa ya dhiki, hata sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni. Nchi isiyo na fedha ya kununulia sabuni haiwezi kujenga mji mpya upesi.

Lakini lazima tuseme kweli yote. Fedha haikuwa kikwazo pekee. Maofisa wengi walikuwa na nyumba zao Dar es Salaam, watoto wao walisoma huko, na wake au waume zao walifanya kazi huko. Balozi za nchi za nje zilikuwa huko, na kadhalika benki kubwa na bandari. Kila mmoja alingoja mwenzake ahame kwanza. Wanaijeria waliamua kujenga Abuja katika mwaka wa 1976, miaka mitatu baada yetu, nao wakahamia rasmi 1991. Nchi yao ilikuwa na fedha za mafuta, hilo ni kweli, lakini pia ilifika siku wakafunga mizigo.

Hatua ya maana kwetu ilikuja 1996, Bunge lilipohamia Dodoma. Ukumbi wake mpya ulifunguliwa 2006, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma katika vilima vya Chimwaga, kikaleta maelfu ya vijana. Hata hivyo kwa miaka 20 Dodoma ilikuwa mji wa misimu. Bunge likikaa, nyumba za wageni zilijaa na bei ya chumba ilipanda. Bunge likiahirishwa, magari yalifuatana katika barabara ya Morogoro kurudi pwani, na mji ukabaki na wenyewe. Kwa maneno mengine, misafara ilikuwa bado inapita.

KUHAMA KWENYEWE

Julai 2016, katika sherehe za Siku ya Mashujaa zilizofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma kabla ya kipindi chake kwisha katika mwaka wa 2020. Wengi hawakusadiki, kwa kuwa walikuwa wamesikia maneno kama hayo tangu utoto wao. Lakini Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, mawaziri wakamfuata, na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akahamia Desemba 2017. Mei 2017 ile CDA ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Septemba 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu 1973. Yaani kwa miaka 45 makao makuu yetu yalikuwa hayana sheria ya kuyalinda, na serikali yoyote ingeweza kuyasahau. Aprili 2019 ukafunguliwa Mji wa Serikali huko Mtumba, kama kilometa 17 mashariki ya katikati ya jiji, na Oktoba mwaka huo Rais mwenyewe akahamia. Ikulu mpya ya Chamwino ilifunguliwa Mei 2023 na Rais Samia Suluhu Hassan.

Basi lile swali la tangu lini laweza kujibiwa hivi. Ukiuliza nia, ni 1973. Ukiuliza Bunge, ni 1996. Ukiuliza sheria, ni 2018. Lakini ukiuliza makao kwa maana ya kukaa, mimi nitasema ni miaka hii ya 2016 hadi 2019, watu walipofunga vyombo vyao kweli na kuhamisha watoto wao shule. Hesabu za watu zaonyesha hivyo. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu zaidi ya 410,000, na ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000.

TABIA YA JIJI

Mtu akitaka kuisoma historia yote ya Dodoma bila kitabu, na asome majina ya mitaa. Ntyuka, Nkuhungu, Iyumbu na Ihumwa ni majina ya wenyeji. Uhindini na Uzunguni yalitoka katika zama za wakoloni. Area A, Area C na Area D yalitoka katika meza za wachora ramani, ambao nadhani hawakupata nafasi ya kumwuliza mtu mahali pale paliitwaje. Na mtaa wa Kisasa unajieleza wenyewe.

Ni jiji la anga pana na vilima vya mawe. Mawe makubwa yamesimama kati ya nyumba kana kwamba yaliwahi kufika, na ndivyo ilivyo. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi inayowashangaza watu wa pwani, na mchana jua halina huruma. Ardhi hii inayodharauliwa ndiyo inayotoa zabibu, ambazo wamisionari walianza kuzipanda Bihawana, na ambazo kwa kumwagiliwa huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Chakula cha wenyeji ni ugali wa mtama au uwele na mlenda, na mgeni anayekunja uso mara ya kwanza huomba nyongeza mara ya tatu. Sifa za muziki wa Kigogo, wa zeze na ilimba, zilipelekwa nchi nyingi za dunia na marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Ugogo, aliyefariki 2003.

Zamani watu wa mbali waliitaja Dodoma kwa mzaha, wakikumbuka ukame, njaa na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Mzaha huo haufai. Hospitali inayotibu watu ni sifa kwa mji na si aibu. Nimefurahi kuona kwamba waliokuwa wakicheka, sasa wanatafuta viwanja, na sokoni wanajifunza kusalimu "Mbukwenyi".

MAJI

Sasa narudi kwenye jambo nililoahidi. Maji mengi ya jiji hili, tangu zamani, hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora upande wa kaskazini. Huko chini ya ardhi kuna miamba yenye nyufa, na maji hukaa katika nyufa hizo. Mvua kubwa inaponyesha, makorongo hujaa, na maji hupenya katika mchanga wake hadi kufika miambani. Maji ya visima vya Makutupora yamepimwa kwa zaidi ya miaka 50, na wataalamu waliozitazama hesabu hizo waligundua jambo la ajabu. Mvua za kawaida huongeza maji kidogo tu au haziongezi kabisa. Sehemu kubwa ya maji huingia katika misimu michache ya mvua zilizopita kiasi, kama ule wa El Nino wa 1997 na 1998. Kisha jiji huishi kwa akiba hiyo kwa miaka mingi, na kina cha maji hushuka polepole hadi mvua nyingine kubwa ije.

Hii yamaanisha kwamba Dodoma ni kama familia inayopata mshahara mara moja katika miaka mingi, na haijui mshahara ujao utakuja lini. Familia ya namna hiyo yaweza kuishi vizuri kama ina hesabu na kiasi. Lakini ikialika wageni wengi bila kuhesabu, yaweza kuaibika. Kwa hiyo mabwawa, mabomba ya kuleta maji kutoka mbali, matangi ya kukinga mvua katika kila paa, na miti ya kuzuia udongo usioshwe, si mapambo ya jiji. Bila hayo hakuna makao. Ndiyo maana kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani, iliyoanzishwa mwishoni mwa 2017, yatuhusu na sisi wanafunzi, ingawa mche mmoja unaomwagiliwa hadi ukashika ni bora kuliko miche mia iliyopandwa siku ya sherehe na kuachwa ife.

NANI ATAKAYEKAA?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kumtazama mgeni tu. Kwa miaka mingi palikuwa na malalamiko ya ardhi katika mji huu. Mashamba yalipimwa kuwa viwanja, na hati zilitolewa kwa miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi watu walipewa miaka 99. Malalamiko hayo yalikuwa moja ya sababu za kuvunjwa kwa CDA katika mwaka wa 2017. Leo hatari nyingine yatoka kwetu wenyewe. Mzee anauza shamba alilorithi, kijana wake ananunua pikipiki, na baada ya miaka michache pikipiki imechakaa na shamba limekuwa nyumba ya mtu mwingine. Wazazi wanaosoma makala haya najua wamewaona watu wa namna hiyo, na simcheki yeyote, maana shida haina mwalimu. Ila naomba tuhesabu. Ekari moja kandokando ya jiji linalokua ni mali ambayo mjukuu naye anaweza kuiishi.

Kwa wanafunzi wenzangu, hasa sisi wa kidato cha nne tutakaoondoka karibuni, nasema hivi. Jiji hili litahitaji mafundi bomba, wapima ardhi, wauguzi, walimu, wakulima wa zabibu na watu wa kutunza miti. Wengi watakuja kutoka mikoa mingine, na ni haki yao, kwa sababu makao makuu ni ya Watanzania wote na si ya kabila moja. Lakini itakuwa aibu iwapo mtoto wa Ugogo atakuwa mlinzi wa geti tu katika nchi ya babu zake kwa kukosa elimu, hali alikuwa na shule karibu na nyumbani. Hali kadhalika itakuwa aibu iwapo mgeni atakaa miaka kumi bila kujua jina la kilima kilicho mbele ya mlango wake.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme huja Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne, safari ambayo misafara ya zamani iliitembea kwa majuma mengi. Ni jambo jema, na nalifurahia. Lakini njia nzuri hurahisisha kuja, nayo hurahisisha kuondoka vilevile. Mtu anaweza kufanya kazi Dodoma Jumatatu hadi Ijumaa na moyo wake ukabaki pwani. Kama tunataka Dodoma iwe makao kwa maana kamili, hapana budi iwe na maji ya kutosha, shule nzuri, hospitali nzuri, na majirani wanaojuana. Kazi hiyo haimalizwi na tangazo wala sheria. Yafanywa na watu wanaokaa, na sehemu yake kubwa imeachiwa sisi tulio shuleni sasa.